Mfupa Kwanza, Skrubu Baadaye: Maswali ya Familia Kuhusu Upasuaji wa Uti wa Mgongo kwa Wazee

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la nje ya kliniki. Ni ya watoto waliowaleta wazazi wao kutoka Siaya, Busia, Vihiga, Kericho na Nakuru, bahasha kubwa ya picha mkononi na tarehe ya upasuaji kichwani. Mimi ni muuguzi wa theata ya mifupa hapa Kisumu. Nasimama ng'ambo ya meza ya daktari mpasuaji, kwa hiyo mifupa ninayoizungumzia hapa nimeishika. Uamuzi wa matibabu ni wa daktari wenu. Mimi nataka tu mkiingia mbele yake mjue cha kuuliza.

Mama ameshapewa tarehe. Mbona sasa anatumwa akapimwe uimara wa mifupa?

Kwa sababu upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo hauponyi kwa vyuma. Vyuma vinashikilia tu, kama miti inayoegemezwa kwenye ukuta mpya mpaka saruji ikauke. Kinachoponya ni mfupa mpya unaoota kati ya pingili na pingili hadi zote mbili ziwe kitu kimoja. Mfupa huo usipoota, skrubu zitatikiswa kila mama anapoinuka kitandani na kila anapoinama kupuliza moto, na chuma kinachotikiswa mwezi baada ya mwezi mwishowe hulegea au hukatika.

Halafu jiulizeni skrubu yenyewe imekamata wapi. Imekamata ndani ya pingili. Pingili ya mtu mwenye osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika, ni kama ubao ulioliwa na mchwa: kwa nje mzima, msumari unaingia bila taabu, na unatoka bila taabu vilevile. Mimi naona mwanamke yeyote aliyefika miaka 65, mwanamume aliyefika 70, na mtu wa umri wowote aliyetumia steroidi muda mrefu au aliyewahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, asiandikiwe tarehe kabla majibu ya mfupa hayajarudi.

Osteoporosisi ni ugonjwa au ni uzee tu?

Ni ugonjwa, ingawa unaandamana na uzee. Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna seli zinazobomoa mfupa mkuukuu na nyingine zinazojenga mpya. Hadi kama miaka 30 wajenzi ndio wenye nguvu. Baada ya hapo wabomoaji wanaanza kuwazidi polepole. Kwa wanawake, hedhi ikikoma mambo huenda mbio: katika miaka mitano hadi saba ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake.

Na haiumi. Hapo ndipo wengi hupotea. Pingili inaweza kupondeka mtu akinyanyua mtungi wa lita 20, mgongo ukauma wiki mbili, akapakwa dawa ya kuchua, ukatulia, na hakuna aliyejua kwamba mfupa umevunjika. Theluthi mbili hivi ya mivunjiko ya pingili hupita bila kugunduliwa. Angalieni gauni la mama. Kama lilikuwa likilingana pande zote na sasa linaburura mbele huku nyuma limepanda, mgongo umepinda. Kama hafikii tena rafu ya vikombe aliyokuwa akiifikia, amepungua kimo. Aliyepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana wake anastahili picha ya mgongo mzima hata kama hana maumivu.

Kipandikizi cha mfupa ni nini hasa? Mtamkata mama mahali pengine tena?

Huenda. Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloamua upasuaji wa mzee utaendaje, na ndilo familia zinalolisikia mara ya mwisho, kalamu ya kutia sahihi ikiwa tayari mkononi.

Kipandikizi ni mfupa, au kitu cha kusimama badala ya mfupa, kinachowekwa kando au kati ya pingili ili mfupa mpya uote juu yake. Kazi zake ni tatu. Kwanza, kuleta seli hai zinazojua kujenga. Pili, kutoa ishara ya kuziamsha seli zilizo karibu. Tatu, kuwa kiunzi ambacho mfupa mpya unatambaa juu yake, kama mharagwe unavyopanda fito. Mfupa wa mgonjwa mwenyewe unafanya zote tatu, na kwa hiyo vitu vingine vyote hupimwa kwa kulinganishwa nao.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1911 huko New York, madaktari wawili, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, waliandika jinsi walivyounganisha pingili za wagonjwa wa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Albee alichukua kipande cha mfupa wa muundi na kukipachika mgongoni. Hakukuwa na skrubu wala fito za chuma. Mfupa ulitegemewa peke yake, na mgonjwa akalala kitandani miezi. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa watoto na vijana. Leo tunamwomba nyanya wa miaka 75 aoteshe mfupa uleule.

Hivi ndivyo inavyokuwa mezani. Daktari akishaondoa mfupa unaobana neva, hautupwi. Ananipa kipande kimoja kimoja. Nakwangua nyama na kano zote, nakikata kwa koleo la mifupa mpaka vipande viwe kama mchele uliovunjika, naviweka akiba kwenye kibakuli cha chuma na kufunika kwa shashi iliyolowa, maana seli zikikauka zimekufa. Mara nyingi kibakuli hicho kinatosha kwa pingili mbili. Kisipotosha, daktari anachukua mfupa zaidi kwenye ukingo wa nyuma wa nyonga, wakati mwingine kupitia mkato mdogo wa pembeni. Ndiyo, sehemu hiyo huuma, na kuna wagonjwa wanaolalamikia nyonga kuliko mgongo kwa miezi kadhaa.

Je, mfupa wa mzee unafaa kupandikizwa?

Unafaa, ila haulingani na wa kijana, na tofauti yake inaonekana kwa macho. Ukichota ndani ya nyonga ya mtu wa miaka 30, kinachotoka ni chengachenga nyekundu, nzito, yenye damu, inayoshikamana. Kwa nyanya mwenye osteoporosisi kijiko kinazama bila kupingwa, kuta za ndani ni nyembamba kama ganda la yai, na uboho umegeuka mafuta ya manjano yanayoelea juu ya bakuli. Mnapata kidogo, na katika hicho kidogo seli za kujenga ni chache.

Kuna jambo moja huwachanganya hata wanafunzi wetu. Viungo vidogo vya nyuma ya uti wa mgongo wa mzee vinaweza kuwa vigumu kama jiwe kwa sababu vimesagika miaka mingi. Mtu akiona koleo linakwama, anasema mfupa huu ni imara. Ugumu ule ni wa mfupa uliosongamana na kukauka. Seli hai ndani yake si nyingi.

Pia fikirieni mahali kipandikizi kinapowekwa. Mkulima hatupi mbegu juu ya mwamba. Daktari anakwangua uso wa pingili mpaka uvuje damu, kwa sababu mishipa ya hapo ndiyo italisha kipandikizi. Pingili dhaifu ya mtu asiye na vitamini D, anayevuta tumbaku, ambaye sukari yake iko juu, ni shamba lililochoka. Ndiyo sababu swali la ubora wa kipandikizi haliishii kwenye kibakuli changu. Linaanzia miezi kadhaa nyuma, nyumbani.

Basi si mtumie mfupa wa mtu mwingine, au wa bandia?

Hutumika, hasa kuongezea ule wa mgonjwa. Mfupa wa mtu aliyefariki na kutoa mwili wake husafishwa, hukaushwa au kugandishwa, na hupimwa magonjwa. Seli zake zimeshaondolewa, kwa hiyo unabaki kuwa kiunzi. Kuna chembe za kauri zenye kalsiamu na fosfeti ambazo nazo ni kiunzi. Kuna pia protini ya kuamsha seli, inayoitwa BMP, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002 kwa upasuaji wa kiuno. Ni ghali mno na haiwekwi kwa mtu mwenye saratani hai.

Kosa ninaloliona ni familia kuuza ng'ombe ili kununua kipandikizi cha bandia huku mama hajapimwa hata vitamini D. Kiunzi kizuri hakiwezi kujipatia wajenzi.

Wanaouliza kwa sababu ya dini wana haki kabisa. Baadhi ya bidhaa hutokana na ng'ombe au wanyama wengine. Ulizeni asili yake kabla ya siku yenyewe, na daktari atawaambia.

Kipimo chenyewe ni kipi?

Kipimo kinachojulikana zaidi ni DEXA, eksirei ya nguvu ndogo sana inayopima uzito wa madini kwenye nyonga na kiuno. Majibu huja kwa nambari inayomlinganisha mgonjwa na kijana mwenye afya. Shirika la Afya Duniani mwaka 1994 liliweka mpaka: kuanzia -2.5 kushuka chini ni osteoporosisi. Kati ya -1 na -2.5 mfupa umepungua lakini haujafika huko.

Angalieni mtego mmoja. Kwa mzee mwenye mgongo uliosagika, DEXA ya kiuno inaweza kudanganya. Miiba ya mifupa iliyoota kando ya pingili, na hata pingili iliyopondeka, huhesabiwa kama madini, nambari ikapanda, mkaambiwa mama yuko sawa. Ombeni isomwe ya nyonga, au ya mkono karibu na kifundo.

Mashine za DEXA ni chache na wengi wa upande wetu huambiwa wasafiri. Kabla ya kupanda basi la Nairobi, muulizeni daktari kama mama ana picha ya CT ya kiuno, ile eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili tabaka kwa tabaka. Wagonjwa wengi wa mgongo wanayo tayari. Kompyuta inaweza kupima weupe wa mfupa ndani ya pingili ya kwanza ya kiuno; nambari ikiwa chini ya 110 hivi, shaka ya osteoporosisi ni kubwa. Halilipiwi tena, halina mionzi mipya. Kwa hiyo mkienda hospitali yoyote ya rufaa, iwe Jaramogi hapa Kisumu, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia, iwe Moi kule Eldoret au ile ya Nakuru, bebeni CD ya picha pamoja na karatasi ya ripoti. Karatasi peke yake haipimiki.

Damu pia ichukuliwe: kalsiamu, vitamini D, figo, tezi ya shingo, sukari. Na kama pingili imeliwa au imepondeka bila sababu, msikubali iitwe osteoporosisi kabla ya kufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo, saratani ya uboho, au saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi au tezi dume. Huku kwetu kifua kikuu cha mgongo bado tunakiona. Anayetokwa jasho usiku, anayekonda, anayeumwa zaidi akilala, achunguzwe haya kwanza.

Sisi tumekulia Nakuru, meno yetu ni ya kahawia. Yanahusiana na mgongo wa baba?

Swali hili nalipenda kwa sababu wengi hawaoni uhusiano, na upo. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna visima katika kaunti ya Nakuru vinavyopita mpaka huo mbali sana. Watoto hupata madoa ya kahawia kwenye meno. Aliyekunywa maji hayo miaka 40 au 50 anaweza kuwa na floraidi tele ndani ya mifupa.

Mfupa hunasa floraidi kwa nguvu. Ndiyo maana Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru iliweza kutengeneza vichungi vya maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: maji yanapita, floraidi inabaki kwenye mfupa. Mifupa yetu hufanya vivyo hivyo tukiwa hai. Matokeo yake ni mfupa mzito lakini mkavu, unaokatika upesi. Kwenye DEXA na CT unaonekana umesheheni, nambari nzuri kabisa, kumbe ubora wake umeharibika. Zaidi ya hayo, kano za uti wa mgongo zinaweza kugeuka mfupa na kubana uti wenyewe.

Mwambieni daktari mzee alikulia wapi na alikunywa maji gani. Kama ana meno hayo na mgongo umekakamaa, nambari nzuri ya DEXA isiwatulize.

Mama anatumia ARV tangu zamani. Je, aache kidogo mpaka mgongo upone?

Hapana. Asiache hata siku moja. Virusi vikipanda vinadhuru mfupa na kila kitu kingine, na kidonda cha upasuaji hakitapona vizuri.

Ila mwambieni daktari mpasuaji. Najua kwa nini watu hunyamaza, hasa mzee anapoletwa na mkwe au mjukuu asiyejua. Ombeni nafasi ya mgonjwa kuonana na daktari peke yake. Tenofoviri ya aina inayoandikwa TDF, iliyomo kwenye kidonge wanachotumia wengi, hupunguza mfupa kiasi, hasa mwaka wa kwanza na wa pili, na inaweza kugusa figo. Kliniki ya ARV inaweza kubadilisha dawa ikiona haja. Huku Nyanza, ambako waliookolewa na dawa hizi sasa wana miaka 60 na 70, swali hili lingepaswa kuulizwa kwa kila mzee anayekuja na mgongo, kwa heshima na bila kunong'ona.

Jua la Kisumu halitoshi kumpa vitamini D?

Lingetosha kama angeliota. Mzee anayeumwa mgongo anashinda ndani. Ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana, ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halisaidii. Nimeona majibu ya chini ya 20, ambayo ni upungufu, kwa mama aliyelima maisha yake yote. Ni kwamba hakutoka nje tangu Krismasi. Upungufu huu hulainisha mfupa na pia hudhoofisha misuli ya mapaja, mtu akawa anaanguka.

Chakula gani kinajenga mfupa?

Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Glasi ya maziwa ina kama 300, na mala ni vilevile. Omena ni hazina yetu, kwa sharti iliwe nzima na mifupa yake. Anayeitoa vichwa na kuichambua anatupa alichokuwa akikitafuta. Uji wa wimbi una kalsiamu nyingi kuliko wa mahindi. Sukuma wiki ni nzuri. Spinachi ina kalsiamu lakini pia ina kitu kinachoizuia isifyonzwe, kwa hiyo msiitegemee. Na protini isisahaulike: wazee wengi wanakula ugali mkubwa na mchuzi, nyama inawaendea wageni. Mfupa mpya unaanza kama nyuzi za protini kabla haujapata madini.

Kuna dawa ya kuimarisha mfupa kabla ya upasuaji? Tungoje muda gani?

Zipo za aina mbili. Za kwanza huzuia wabomoaji: vidonge vya alendroneti vya mara moja kwa wiki, au asidi ya zoledroniki, dripu ya mara moja kwa mwaka. Alendroneti inamezwa asubuhi na maji matupu kabla ya kula chochote, na mgonjwa anakaa wima nusu saa. Akilala inaweza kuchoma koo la chakula. Dripu haipewi mwenye figo dhaifu wala mwenye kalsiamu ya chini. Meno mabovu yang'olewe kabla ya kuanza.

Aina ya pili huwachochea wajenzi. Teriparataidi ni sindano ndogo ya kila siku, mgonjwa anajidunga mwenyewe, inatunzwa kwenye friji. Katika kuunganisha pingili za wanawake waliokoma hedhi, ndiyo iliyoonyesha kusaidia mfupa kushikana vizuri zaidi. Ni ghali sana, na kwa nyumba isiyo na stima friji ni kikwazo kingine. Nasema hivyo ili mjue ipo na muulize. Ukikosa, alendroneti na vitamini D ni bora mara nyingi kuliko kuingia mikono mitupu.

Anayetumia denosumabu, sindano ya kila miezi sita, asiiache kwa sababu anapasuliwa. Ikiachwa ghafla mfupa hupotea haraka na pingili zinaweza kuvunjika kadhaa kwa pamoja.

Muda? Kurekebisha vitamini D huchukua wiki nane hadi kumi na mbili. Dawa ya kuchochea mfupa madaktari wengi hupenda ianze angalau miezi miwili au mitatu kabla, na iendelee baadaye.

Kungoja hivyo si atapooza?

Wengi wa wazee wanaopangiwa upasuaji huu wana maumivu ya mguu na mgongo ya miaka mingi, na miezi mitatu haiwadhuru. Lakini kuna wasiongoja: anayeshindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo umekataa kutoka, aliyekufa ganzi sehemu za siri, mguu unaozidi kulegea siku hadi siku, aliye na usaha au uvimbe unaobana uti. Hao wanapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na mfupa utatibiwa baadaye.

Mfupa ukiwa dhaifu na upasuaji hauepukiki, daktari hubadilisha nini?

Mengi. Wakati mwingine anafungua tu nafasi ya neva bila kuweka vyuma kabisa, na kwa mzee ambaye pingili zake hazitelezi hilo linaweza kutosha. Akiweka vyuma, huchagua skrubu nene na ndefu zaidi, hukamata pingili nyingi zaidi ili mzigo ugawanyike, au huingiza saruji ya mifupa kupitia skrubu zenye matundu ili zishike. Saruji hiyo ina hatari yake: ikivuja inaweza kubana neva au kusafiri hadi mapafuni. Kisanduku kinachowekwa kati ya pingili huchaguliwa kipana, kwa kuwa chembamba huzama kwenye mfupa laini kama kigingi kwenye matope. Na pingili iliyo juu kidogo ya mwisho wa vyuma huangaliwa sana, kwani ndiyo huvunjika baadaye.

Umewahi kuona mambo yakiharibika?

Shangazi yangu. Alikuwa na pumu, na kwa miaka alikuwa akijinunulia prednisoloni, ambayo ni steroidi, dukani kila kifua kilipobana. Alipasuliwa mgongo katika hospitali ambayo sitaitaja. Hakuna aliyemuuliza kuhusu vidonge vile, na yeye hakuvihesabu kuwa dawa za kutajwa. Alitembea vizuri wiki sita. Mwezi wa nne maumivu yakarudi, makali kuliko ya kwanza. Kwenye eksirei kila skrubu ya chini ilikuwa na duara jeusi kuizunguka, kama jino linalolegea kwenye ufizi. Mfupa haukuwa umeshikana popote.

Alitibiwa mifupa kwa miezi saba kabla ya kurudi theata mara ya pili. Anatembea kwa mkongojo. Tangu siku hiyo, mgonjwa akilala kwenye meza yetu, namuuliza mtu wake: mama alikuwa akimeza nini, hata kile cha dukani?

SHA italipa?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani. Hakikisheni usajili wa mzee kwa *147# mapema, na ulizeni hospitali kama idhini ya awali imeshaombwa na kukubaliwa. Ombeni kwa maandishi: skrubu zimo? Saruji? Kipandikizi cha bandia? Vyuma ndivyo familia hujikuta zikichangishiana harambee usiku wa kuamkia upasuaji. Mkifanya harambee, wekeni ndani yake pesa za dawa ya mifupa za mwaka mzima, si za siku ya theata tu.

Ametoka hospitali. Tufanye nini ili mfupa ushikane?

Tumbaku ikome, ya kuvuta na ya kunusa. Nyanya wengi wa kwetu hunusa ugoro na hawaoni kama ni sigara, lakini nikotini ni ileile na hunyima mfupa damu. Aache wiki kadhaa kabla na asirudie. Diklofenaki na dawa za jamii yake zisinunuliwe dukani kiholela. Zikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu zinaweza kuzuia mfupa kuota, mbali na kuumiza figo na tumbo. Sukari idhibitiwe.

Atembee kila siku, mwendo mfupi mara nyingi. Kulala kitandani kunaondoa mfupa. Hata hivyo asipakiwe kwenye bodaboda ya barabara ya mawe miezi ya mwanzo, asibebe mtungi, asijipinde kiuno akifagia na ufagio mfupi. Mtafutieni wa mpini mrefu. Usiku kuwe na taa njia ya chooni, au ndoo ndani ya nyumba. Malapa yaliyolegea yatupwe. Kuanguka mara moja kunaweza kung'oa kazi ya saa tano.

Tutajuaje kwamba pingili zimeungana?

Si kwa maumivu kuisha peke yake. Mfupa huchukua miezi sita hadi kumi na miwili kushikana, na kwa mzee mara nyingi ni karibu na mwaka kuliko nusu yake. Eksirei hupigwa vipindi vipindi, akiwa amesimama. Daktari akitilia shaka, CT huonyesha kama daraja la mfupa limekamilika. Maumivu yaliyopoa yakirudi, sauti ya kugongana mgongoni, au mguu ulioanza kuuma upya, msingoje tarehe ya kliniki.

Baba anauliza atashika jembe lini.

Huwauliza wote, na mimi huwajibu wakiwa wamekaa, watoto wao wakisikia. Kupalilia bustani kwa kisu au jembe dogo, akiwa ameketi kwenye kigoda, mara nyingi huruhusiwa baada ya miezi mitatu au minne daktari akiridhika na picha. Kulima kwa jembe kubwa, kuinama na kuvuta, kusubiri mpaka CT ionyeshe daraja la mfupa. Msimu mmoja wa masika utampita. Mpangieni nani atalima kipande chake mwaka huo, mkampe jina la mtu huyo kabla hajaingia theata, maana mzee asiyejua shamba lake liko kwa nani ataamka wiki ya tano na kwenda kulima mwenyewe.